Boris Tadić: watoro wa kivita walipatikana, mamlaka yakahamia Ikulu

Julai 2008 Radovan Karadžić, kiongozi wa Waserbia wa Bosnia wakati wa vita, alikamatwa Belgrade akiwa ndani ya basi la abiria, ndevu nyeupe zimemjaa usoni, kitambulisho kikimtaja kuwa Dragan Dabić. Kwa jina hilo alikuwa mganga wa tiba mbadala aliyetoa mihadhara hadharani, huku akitafutwa kwa mauaji ya kimbari ya Bosnia. Rais wa Serbia wakati huo alikuwa Boris Tadić, mwanasaikolojia aliyeingia Wizara ya Ulinzi Machi 2003, siku chache baada ya Waziri Mkuu Zoran Đinđić kuuawa kwa risasi.

Mei 2011 akafuata Jenerali Ratko Mladić, kamanda wa jeshi la Waserbia wa Bosnia, aliyekutwa nyumbani kwa ndugu yake kijijini Lazarevo, kisha Goran Hadžić, kiongozi wa Waserbia wa Kroatia wakati wa vita, mwezi Julai. Hapo orodha ya watoro wa mahakama ya The Hague, pacha wa ile ya Arusha iliyoshughulikia mauaji ya Rwanda, ikaisha.

Wakosoaji wa Tadić wanasema yote hayo ni shinikizo la Umoja wa Ulaya, tena Mladić alikamatwa siku ileile Catherine Ashton, mkuu wa sera za nje wa Umoja huo, alipofika Belgrade. Shinikizo lilikuwepo, sikatai. Lakini Vojislav Koštunica, waziri mkuu kuanzia 2004 hadi 2008, alibanwa vilevile, na Mladić hakupatikana. Tadić pia alikwenda Srebrenica, mji wa Bosnia ambako majeshi ya Mladić yaliua maelfu ya Waislamu mwaka 1995, kwenye kumbukumbu za mauaji hayo, 2005 na 2010, safari ambazo wapiga kura wengi wa Serbia hawakuzipenda. Kwangu mimi huo ni ujasiri, na nasikitika unavyopuuzwa.

Panaponikwaza ni kwingine. Katiba ya 2006 inaiweka serikali mikononi mwa waziri mkuu. Mirko Cvetković, aliyeshika wadhifa huo 2008 hadi 2012, alikuwa mtu wa fedha asiye na nguvu ya chama nyuma yake. Mwenyekiti wa chama tawala cha Demokrasia alikuwa Tadić mwenyewe, kwa hiyo mambo mazito yaliamuliwa kwa rais. Watetezi wake wanajibu kwamba muungano ule, uliokijumuisha hata chama cha zamani cha Slobodan Milošević, mtawala wa Serbia wakati wa vita, ungevunjika bila mkono imara. Huenda, ila gharama yake ilikuwa kuwazoesha wananchi kumtazama rais kama serikali nzima. Aleksandar Vučić, naye waziri wa zamani wa ulinzi, alipoingia Ikulu 2017 aliikuta njia imeshalimwa, akaipanua kupita kiasi.

Hata hivyo siwezi kuwaweka wawili hawa kapu moja. Mwaka 2012, wakati takriban robo ya nguvukazi haina ajira, Tadić alijiuzulu kabla ya muda ili uchaguzi wa rais ufanyike pamoja na ule wa bunge. Mpinzani wake Tomislav Nikolić akamshinda katika duru ya pili, Mei 20, na usiku uleule Tadić akakubali matokeo na kumpongeza.