Poulnabrone: Ilikuwa Sahihi Kuwafukua?

Mwaka 1985 ufa mkubwa ulionekana kwenye moja ya mawe mawili ya mlangoni mwa kaburi la kale la Poulnabrone, jimbo la Clare, magharibi mwa Ireland. Juu ya mawe hayo limelazwa bamba pana la jiwe la chokaa lenye uzito wa tani kadhaa, na lingeweza kuporomoka wakati wowote. Jiwe bovu likabadilishwa. Ukarabati huo ukaleta uchimbaji; mwanaakiolojia Ann Lynch ndiye aliyeuongoza, mwaka 1986 na 1988, na ndani mkatoka mifupa ya watu zaidi ya 30, wa tangu miaka 5,000 hivi iliyopita na zaidi.

Wanaopinga wana hoja nzito. Kaburi ni kaburi, hata likiwa na umri gani, na waliomo hawana ndugu wa kuombwa ruhusa. Tena uchunguzi wa vinasaba hula mfupa wenyewe: hutobolewa, ukasagwa unga, na unga haurudi. Na yule mtalii anayepiga picha leo, ni wangapi wamemwambia kwamba jiwe moja la mlangoni ni la juzi tu?

Lakini tazama kilichopatikana. Nyonga ya mtu mmoja ilikuwa na ncha ya silaha ya jiwe iliyokwama ndani ya mfupa. Waliozikwa humo, wakulima wa kwanza wa Ireland, hawakuishi kwa amani kama tunavyopenda kuwawazia. Mwaka 2020 vinasaba vikaonyesha kwamba mtoto mchanga wa kiume aliyezikwa humo alikuwa na hali ya Down, ile ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada. Kemia ya mifupa yake ilionyesha alinyonyeshwa. Akawekwa kaburi moja na wakubwa. Kwangu, habari hiyo peke yake inalipia kile kidonge cha mfupa kilichosagwa.

Na hiyo hoja ya kuwaacha wapumzike inayumba ukiwatazama waliolijenga. Kaburi lilitumika kwa karne kadhaa, na mifupa ilikutwa imechanganyika, mingine imeingia kwenye nyufa za mwamba; baadhi ya maiti huenda zilioza kwingine kwanza, ndipo mifupa ikahamishiwa humo. Zama za Shaba, zaidi ya miaka 1,500 baadaye, mtu akaja kumzika kichanga pale mlangoni. Wao wenyewe hawakuliona kama mahali pa kutoguswa.

Kwa hiyo uchimbaji ule nauunga mkono, kwa sababu ufa ndio uliolazimisha. Sampuli mpya za leo ni shauri jingine: kila moja ijieleze kabla mfupa haujatobolewa.

Ila kinachoniudhi zaidi ni wageni wanaong'oa mawe ya Burren, uwanda wa mwamba lilipo kaburi hili, ili wajenge vikaburi vya kuchezea, waige kaburi kubwa. Kamba imezungushiwa Poulnabrone, sawa, lakini uwanda wenyewe hauna kamba, na ni katika nyufa zake ndimo maua ya nchi za baridi kali huota jirani na yale ya Mediterania.