Miaka kumi kwa mechi mbili: nani alifaidika na subira ya Andre Ingram?

Tarehe 10 Aprili 2018, Los Angeles Lakers waliingiza uwanjani mchezaji ambaye hajawahi kugusa mpira kwenye mechi ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu Marekani. Alikuwa na miaka 32, mvi zimeshamtapakaa kichwani. Wapinzani walikuwa Houston Rockets ya James Harden na Chris Paul, timu iliyomaliza msimu ule na ushindi mwingi kuliko zote. Andre Ingram alicheza dakika 29, akapata pointi 19. Alitupa mara tano kutoka mbali, umbali wa pointi tatu, nne zikazama. Ukumbi ukamwimbia "MVP", yaani mchezaji bora wa msimu, kana kwamba ndiye Harden. Lakers walipoteza 105-99, na nadhani ni wachache waliokwenda kulala wakiliwaza hilo.

Nyuma ya usiku ule kulikuwa na miaka kumi na mechi 384 kwenye ligi ya chini ya NBA, iliyojulikana kama D-League hadi 2017, ilipochukua jina la mdhamini Gatorade na kuwa G League. Alianzia Utah Flash mwaka 2007, timu ambayo baadaye ilikufa yeye akiwa bado anacheza. Ana shahada ya fizikia, na ligi ikisimama alikuwa akifundisha wanafunzi tuisheni ya hesabu ili nyumba iende.

Wanaoisifu ligi hiyo wana hoja, na si hoja nyepesi. Bila G League, mchezaji aliyetoka chuo kisicho na jina kubwa na asiyechaguliwa kwenye drafti, mgao wa kila mwaka ambapo timu za NBA huchagua wachezaji wapya, hubaki na njia mbili: apande ndege kwenda kutafuta timu Ulaya au Asia, au aache mpira. Ligi ya chini inamweka karibu. Makocha wa timu kubwa wanamwona kila wiki, anafundishwa mfumo uleule, na mtu akiumia leo yeye anaweza kuitwa kesho. Ligi ilipoanza mwaka 2001 ilikuwa na timu nane tu. Leo karibu nusu ya wachezaji wa NBA wameipitia kwa namna moja au nyingine.

Mfano wao mzuri zaidi si Ingram hata kidogo. Ni Alex Caruso, aliyekuwa naye South Bay Lakers, timu ya chini ya Lakers, msimu uleule. Caruso hakuchaguliwa kwenye drafti ya 2016, akaanzia timu ya chini ya Oklahoma City, kisha 2017 Lakers wakampa mkataba wa pande mbili, uliokuwa ndiyo kwanza umeanzishwa: mchezaji alikaa timu ya chini lakini wakati ule aliruhusiwa siku kadhaa timu kubwa, na malipo yake yalipanda sana. Akajifunza kazi ambayo nyota hawaipendi, ya kumkaba mtu mpaka akose hewa. Mwaka 2020 alianza kwenye mechi iliyowapa Lakers ubingwa, na 2025 akatwaa mwingine akiwa na Oklahoma City, walewale waliomwacha aondoke.

Sasa tazama pesa. Msimu ule wa 2017/18, mchezaji wa kawaida wa G League alilipwa kati ya dola 19,000 na 26,000 kwa msimu mzima. Kima cha chini cha NBA kwa mgeni kilizidi dola 800,000. Kwa mechi zake mbili za mwisho wa msimu, Ingram alipata takriban dola 13,800, yaani zaidi ya nusu ya kile ambacho ligi ya chini ingemlipa kwa miezi yote ya mabasi na hoteli za bei poa. Mvumilivu hula mbivu, tunaambiwa. Huyu alikula mbili, na mwaka uliofuata akaongezewa nne kwa mkataba wa siku kumi. Basi.

Wakosoaji husema huo ni unyonyaji uliovishwa nguo ya ndoto, na hapa ndipo ninapoegemea, ingawa sikubaliani nao kwa kila kitu. Hakuna aliyemfunga Ingram kamba. Alijua hesabu, tena kuliko wengi wetu. Timu 30, kila moja nafasi 15, ni watu 450 duniani kote. Mchezaji wa kimo cha wastani ambaye silaha yake kubwa ni kutupa kutoka mbali hushindana na vijana wa miaka 20 ambao meneja anaweza kuwauza au kuwakuza. Kumwacha mtu wa miaka 30 kwa ajili ya kijana asiyejua kutupa ni uamuzi wa kibiashara, na una mantiki yake hata kama unauma.

Kinachonikera ni jinsi mlango ulivyofunguka. Msimu ule Ingram alikuwa akizamisha zaidi ya asilimia 47 ya mitupo yake ya pointi tatu, na hadi wakati ule hakuna aliyekuwa amezamisha nyingi zaidi katika historia ya ligi ile. Kutupa kwake kulijulikana miaka mingi. Aliitwa wakati Lakers wameshakosa mechi za mchujo, majeruhi wamejaa, na hakuna cha kupoteza. Kama timu ingekuwa inapigania nafasi, simu ile isingepigwa. Kwa hiyo anayesema usiku ule ulithibitisha kwamba mfumo humfikia kila anayestahili, aeleze kwa nini ulimfikia zikiwa zimebaki mechi mbili.

Tofauti ya Caruso na Ingram, kwa maoni yangu, si bidii. Ni kwamba mmoja alifika ligi ya chini wakati ambapo timu kubwa zilikuwa zimeanza kuwekeza kweli, kwa mikataba ya pande mbili na makocha waliokuwa na kazi ya kumgeuza mtu kuwa kitu fulani. Mwingine aliingia miaka kumi mapema, ligi ikiwa bado ghala la dharura. Ghala hilo halijaisha, limepunguzwa tu. Msimu uliofuata mshahara ulipandishwa hadi dola 35,000, na umeongezwa kidogo tena baadaye, lakini pengo na ghorofa ya juu bado ni lilelile la kutisha.

Mwaka 2020 wachezaji wa G League waliunda chama chao cha wafanyakazi. Rais wake wa kwanza alikuwa Andre Ingram, yuleyule ambaye kwa miaka miwili alikuwa akisifiwa kila mahali kwa kutolalamika.