Kitoweo cha Ukweni

Mwaka 2004 nilikwenda Muheza kujitambulisha ukweni, na jioni ile ile nikawalisha wakwe zangu kiumbe wa zama za kale. Sikukusudia, na kama ningekusudia nisingefaulu, kwa sababu wakati huo nilikuwa miongoni mwa watu walioamini kwa dhati kwamba wanyama wa aina hiyo walikwisha zamani, na nilikuwa nalipwa mshahara wa serikali kwa kuisema imani hiyo mbele ya watoto.

Nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari mjini Tanga. Mimi ni mtu wa milimani, Lushoto, na samaki niliowafahamu kwa yakini walikuwa wawili tu: dagaa, na yule wa kwenye kopo. Rafiki yangu mmoja alinishauri kwamba mtu haendi ukweni mikono mitupu, na kwamba kitoweo kilichotoka baharini siku hiyo hiyo kina heshima kuliko doti ya khanga, kwa hiyo alfajiri ya Jumamosi nikashuka Kigombe, ambako vyombo vilikuwa vinarudi na majarife, zile nyavu za macho makubwa zinazotegwa kwenye maji ya kina kwa ajili ya papa. Kando ya ngalawa moja alikuwa amelazwa samaki mnene mwenye urefu wa zaidi ya mita moja, wa rangi ya kahawia iliyochujuka, mwenye madoa meupe kama chokaa iliyorukia ukutani. Wachuuzi walikuwa wakimzunguka kwa mbali na kupita. Mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi niliona bei itakuwa nzuri.

"Huyu ni samaki gani?" nikamuuliza mvuvi.

"Mwalimu, mimi bahari hii nimeivua miaka thelathini. Huyu simjui."

"Ni chewa," nikamwambia, kwa sauti ile ninayoitumia kidato cha pili wanapouliza swali nisilolipenda. "Chewa wa maji ya kina."

Mvuvi alinitazama mimi, akamtazama samaki, kisha akazipokea shilingi 12,000 haraka sana, kama mtu anayeogopa kwamba elimu yangu itaniisha kabla hajazifunga kwenye pindo la kikoi.

Safari ya kutoka Kigombe hadi Muheza kwa kupitia mjini naipita upesi, kwa kuwa bado inanitia aibu. Gunia lilikuwa linachuruzika mafuta, si maji, na konda wa daladala ya pili alinitoza nauli ya watu wawili kwa hoja kwamba gunia limekalia nafasi ya abiria, na kwamba abiria mwenyewe angekuwa msafi zaidi.

Ukweni nilipokewa vizuri mno. Nikatoa shikamoo zangu, nikakalishwa barazani na baba mkwe, mstaafu aliyekuwa karani katika mashamba ya mkonge, na gunia likapelekwa uani kwa mama mkwe. Baada ya muda tukaanza kusikia panga likigonga kitu kama vigae. Kijana mmoja wa nyumbani alitoka akiwa na uso wa mashaka, akaniambia, "Shemeji, samaki wako hana mfupa wa mgongo. Ana mrija, na umemrushia mama maji." Nikajibu kwamba hiyo ndiyo sifa ya chewa bora. Akarudi mara ya pili kunieleza kwamba kikaango kimetiwa mafuta kijiko kimoja na sasa kina kikombe kizima. Hiyo nayo nikaiita sifa.

Chakula kilipowekwa mkekani, wali wa nazi, mchuzi na vipande vya kukaanga, mazungumzo yaliangukia kwa shemeji mkubwa, ambaye alikuwa amefanya kazi Mwanza miaka kadhaa na kurudi na habari za Lukwata, yule joka ambaye wazee wa Buganda wanasema anaishi katika Ziwa Victoria na kupindua mitumbwi. Alisimulia vizuri, nami ningemwacha kama si ule ugonjwa wa walimu wa kutoweza kula karibu na kosa bila ya kulisahihisha. Nikamweleza kwamba Ziwa Victoria lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita, likawa mbuga, na nikamuuliza huyo Lukwata alikuwa amepanga chumba wapi mpaka maji yaliporudi. Nikatia kipande kinywani. Kilikuwa na ladha ya sabuni ya magadi iliyopitiwa na taa ya chemli, lakini ukweni mtu hachagui, basi nikameza na kuendelea.

Nikawapeleka mpaka Uskoti, kwenye ziwa la Loch Ness, ambako nako watu husema kuna joka la kale, ziwa ambalo lilikuwa limefunikwa na barafu mpaka miaka 10,000 hivi iliyopita, na ambalo picha yake mashuhuri kupita zote, ile ya mwaka 1934 yenye shingo ndefu inayochomoza majini, ilikuja kufichuliwa miaka 60 baadaye kuwa ni nyambizi ya kuchezea watoto iliyopachikwa kichwa. Nikaeleza kwamba mnyama hawezi kuishi peke yake mamilioni ya miaka kama mganga wa pangoni; lazima awe na babu, bibi, wake na watoto, na ukoo mzima wa majoka hauwezi kukaa ziwani pasipo mzoga hata mmoja kuelea. (Mwaka 2018 wataalamu walichunguza chembe za urithi katika maji ya Loch Ness, wakakuta za mikunga kwa wingi na za mtambaazi mkubwa wasizione kabisa, lakini usiku ule sikuhitaji msaada wa mtu, nilikuwa najitosheleza.)

Baba mkwe alikuwa anatafuna polepole sana. "Mwanangu," akasema, "katika hao wote wa zamani, hakuna hata mmoja aliyesahaulika?"

Hapo ndipo nilipojichimbia. Nikasema yupo mmoja tu, silikanti, samaki ambaye visukuku vya jamii yake, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vina umri wa miaka milioni 400, na ambaye wataalamu wote walikubaliana kwamba alitoweka pamoja na madinosaria miaka milioni 66 iliyopita, mpaka Desemba 1938 alipovuliwa mmoja karibu na mji wa East London, Afrika Kusini. Nikawasimulia habari za Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho madogo ya mji ule, aliyembembeleza dereva wa teksi mpaka akakubali kumbeba samaki anayenuka, kisha mochwari ikamkatalia nafasi. Na Profesa J.L.B. Smith, aliyetangaza zawadi ya pauni 100 na kungoja miaka 14 kabla ya kumpata wa pili, huko Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua siku zote kwa jina la gombessa. Nikaweka tonge chini ili mikono iwe huru kueleza umbo.

"Akiwa hai ni wa buluu, mwenye madoa meupe," nikasema. "Mapezi yake ya chini yameota kwenye vishina vya nyama, kama mikono ya mtoto. Na mkia wake, hapa katikati, umemalizikia kwa kimkia kingine kidogo."

Mjukuu mmoja wa nyumba ile, msichana wa miaka sita hivi, aliondoka mkekani bila kuaga. Alirudi kutoka uani ameshika ungo kwa mikono miwili, na ndani ya ungo mlikuwa na mkia. Katikati ya mkia kulikuwa na kimkia.

"Kama huu?" akauliza.

Katika kitabu chetu cha shule silikanti alikuwa mchoro wa wino mweusi, mrefu kama kidole changu cha shahada. Hakuna mtu aliyenieleza kwamba buluu yake hufifia akifa, wala kwamba ananuka. Nikakimbilia uani kuokoa angalau kichwa, nikamkuta mama mkwe amekwisha kukipasua akitafuta ubongo na ameambulia mafuta matupu, kwa sababu ubongo wa silikanti ni kitu kidogo mno kilichopotelea ndani ya fuvu kubwa. Nilijiona kama nimekutana na ndugu. Paka wa nyumbani alikuwa amekaa mbali na matumbo, akiyatazama tu.

Niliporudi barazani, baba mkwe alikuwa ananawa.

"Huyo profesa alimngoja miaka 14?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa pauni 100?"

"Ndiyo, baba."

"Na sisi tumemtia nazi."

Miaka mitano baadaye, hifadhi ya bahari ya silikanti ilipoanzishwa Tanga, shemeji mkubwa alinipigia simu kuniuliza kama familia yetu imehesabiwa miongoni mwa waasisi.

Lakini usiku ule hakuna aliyekuwa na nguvu za kutania. Nyama ya silikanti imejaa mafuta ambayo tumbo la binadamu haliyawezi, nayo hupita kama yalivyoingia, tena kwa haraka. Choo cha nyumba ile kilikuwa kimoja, nyuma ya migomba, na mnamo saa tisa za usiku nilijikuta nimesimama kwenye foleni ya ukoo mzima, mimi mgeni, mchumba wa watu, mkononi nina kopo la maji, machoni siwezi kumtazama yeyote. Mbele yangu alikuwa baba mkwe peke yake, ameinama, ameshika taa. Mlango ulipofunguliwa, akasogea pembeni.

"Tangulia, mwanangu."

"Hapana, baba, siwezi. Wewe ni mkubwa."

"Tangulia," akasema. "Huyo uliye naye tumboni ni mkubwa kuliko sisi wote."