Muziki katika kufundisha toni: unasaidia wapi, unapotosha wapi

Ukimuuliza mwanafunzi toni ya shairi, mara nyingi atajibu "ya huzuni", hata pale shairi linapomcheka mtu waziwazi. Ndiyo maana baadhi ya walimu wa fasihi hucheza muziki darasani kabla ya kugusa swali hilo. Wana hoja. Ushairi wa Kiswahili umekuwa ukiimbwa na kughaniwa tangu zamani, na sikio la kijana wa kidato cha pili hunasa bezo upesi kuliko jicho lake.

Lakini hoja za wanaopinga nazo hazijibiki kirahisi. Muziki huamsha hisia kwa msikilizaji, ilhali toni ni msimamo wa nafsi neni, yaani anayesema ndani ya shairi, kwa jambo inalolisema au mtu inayemwambia. Mawili hayo hupishana. Zipo bembelezi zenye sauti ya kumlaza mtoto huku maneno yakimlalamikia baba asiyerudi nyumbani. Katika mipasho ya taarabu, fidla na kinanda hubembeleza, maneno yakachoma. Tena mahadhi moja huweza kubeba shairi lolote lenye mizani (idadi ya silabi) inayolingana, liwe la arusi au la msiba. Kwa hiyo mwalimu anayecheza wimbo mmoja mtulivu kisha akauliza toni amekwisha kulitia darasa jibu mdomoni, na huenda jibu lenyewe si sahihi.

Chukua mishororo hii miwili ya mizani 16, iliyotungwa kwa ajili ya zoezi:

Hongera mheshimiwa, barabara tumeona,
Mashimo tumegawiwa, kila mtu lake bwana.

Isome juu ya matarumbeta ya arusini, wengi wataandika "sifa". Isome juu ya udi wa polepole, wataandika "huzuni". Kejeli haimo katika muziki wowote kati ya hiyo. Imo katika pengo kati ya "hongera" na "mashimo". Ila matarumbeta yakiwa bado yanalia na msomaji akafika kwenye "mashimo", darasa hucheka. Hapo ndipo muziki unapofaa: unapogongana na maneno, si unapoyapamba.

Kwa hiyo anza kimya. Kila mwanafunzi asome ubeti, aandike toni moja na neno moja la kuithibitisha. Kisha usomwe mara mbili juu ya vipande viwili vinavyotofautiana, sekunde 45 hadi 60 kila kimoja, visivyo na maneno. Vikiwa na maneno, wanafunzi watachambua wimbo na kulisahau shairi. Punguza sauti ya spika msomaji anapoanza, la sivyo walio nyuma watasikia ngoma tupu. Uliza: muziki umepingana na maneno katika mshororo upi, kwa neno lipi? Zima, kisha kila mmoja alirekebishe jibu lake la kwanza au alitetee. Dakika 20 zinatosha. Zikizidi, kipindi cha dakika 40 kimeliwa.

Hitilafu ya kawaida ni kutumia kipande kimoja kwa shairi zima. Ubeti wa nne ukianza na "lakini" au "ila", toni huenda imegeuka kutoka malalamiko kuwa onyo, na muziki usiobadilika huufunika mgeuko huo. Simamisha muziki hapo, waache wachague kipande kingine.

Kuna pingamizi moja ambalo, kwa maoni yetu, ni zito kuliko yote: sauti ya mwalimu hufanya kazi hiyohiyo bila spika wala umeme. Soma "hongera" kwa unyenyekevu, kisha uisome kwa kuivuta. Kwa kejeli, njia hii hata inashinda muziki, kwa kuwa bezo hukaa katika mkazo wa neno moja. Muziki unabaki na faida kwa madarasa ya chini, na kwa wanafunzi wanaoona haya kusoma kwa sauti. Wanaokaribia mtihani waondolewe muziki mapema: kule watalikuta shairi kwenye karatasi tu, na jibu "toni ni ya kejeli" lisilo na mshororo wa kulithibitisha ni jibu la kubahatisha.