Kanisa linaondoka msibani mapema mno

Msiba ukitokea kwa Mkristo hapa Dodoma, kanisa linajua kazi yake. Jumuiya inafika usiku uleule, akina mama wanaingia jikoni, kwaya inapangiana zamu, turubai na kuni vinapatikana. Marehemu anazikwa kwa heshima, na neno la tumaini linahubiriwa kaburini. Ninalishukuru kanisa langu kwa hilo kutoka moyoni. Lakini tunaondoka mapema mno. Tukishanawa mikono na kula, tunaaga, na mjane tunamwacha na kikao cha ukoo. Huko ndiko maisha yake yanakoamuliwa.

Aliyewahi kukaa karibu na vikao hivyo anajua vinavyokwenda. Wanaume wako kwenye viti chini ya mti, kijana mmoja ameshika daftari. Wanawake wako upande wa jikoni, mjane akiwa ndani amefunikwa kanga. Yanazungumzwa madeni ya marehemu, ng'ombe, shamba, na watoto watakaa kwa nani. Mwisho anapendekezwa msimamizi wa mirathi, mara nyingi ndugu wa kiume wa marehemu, kisha mjane anaitwa: "Shemeji, njoo usaini hapa, ni utaratibu tu." Anasaini. Hajasomewa kilichoandikwa, na hata angetaka kuuliza, angeanzaje mbele ya baba wakwe, mumewe akiwa amezikwa jana?

Karatasi hiyo siyo utaratibu tu. Muhtasari wa kikao cha ukoo ndio unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo ili msimamizi ateuliwe. Akishateuliwa, kumwondoa ni kazi ya nauli, barua na tarehe zinazoahirishwa. Wajane wengi huchoka njiani. Wengine hawaanzi kabisa, maana kumshtaki shemeji ni kuwakosanisha watoto na ukoo wa baba yao.

Kwetu jambo hili limezidi kuwa kali kwa sababu ya ardhi. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi vijiji vya pembezoni vilibaki vya uwele, mtama na karanga. Serikali ilipoanza kuhamia kweli mwaka 2016, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, Nala, Ihumwa, Msalato na Mtumba vikageuka kuwa mahali pa viwanja. Ninamfahamu mama mmoja wa upande huo aliyelima shamba la mumewe tangu alipoolewa. Lilikuwa shamba la kichanga, mvua ikikata Januari anavuna mabua, na hakuna shemeji aliyewahi kuja hata siku moja kumsaidia palizi. Wapima ardhi walipopita na vigingi vyao, mume akiwa ameshafariki, ukoo ukakumbuka kuwa lile ni shamba la babu. Yeye akaambiwa achague: arudi kwao, au abaki kwenye nyumba "kwa hisani ya watoto". Mama huyu ni mshirika wa meza ya Bwana. Waliomwambia hivyo nao ni washirika.

Sheria zetu zenyewe zinavutana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Hapohapo, kanuni za urithi wa kimila zilizoandikwa mwaka 1963 kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba zinasema mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Mahakama Kuu iliombwa kuzifuta kanuni hizo. Mwaka 2006 ikakubali kuwa zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Shauri la wajane wawili Watanzania likafika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ilisema haki zao zimevunjwa.

Kinachonigusa zaidi kama Mkristo ni kipimo ambacho mahakama hukitumia pale watu wanapobishana urithi wa Mwafrika aliyebatizwa ugawanywe kwa sheria ipi. Mahakama huangalia namna alivyoishi. Kama aliishi kwa kufuata mila za ukoo wake, mila ndiyo itakayogawa. Ikithibitika kuwa alishaziacha akaishi kwa njia nyingine, hutumika sheria ya zamani ya urithi iliyotoka India, ya mwaka 1865, ambayo humpa mjane theluthi moja na inayobaki kugawanywa sawa kwa watoto wote, wa kike kwa wa kiume. Cheti cha ubatizo peke yake hakitoshi. Hakimu anataka kujua kama imani ya huyu mtu iliingia nyumbani kwake, na swali hilo sisi kanisani hatuthubutu kuliuliza kwenye mazishi. Tunasoma wasifu wa marehemu, tunataja vyeo vyake na mwaka wa kipaimara, basi.

Wapo watakaosema mambo ya ukoo ni mila na kanisa lisiyaingilie. Nimelisikia hili kwa wachungaji pia, na silikubali. Injili imekuwa mkoani kwetu tangu wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, walipofika Mpwapwa miaka ya 1870, na muda wote huo kanisa limekuwa likiingilia mila: nani aolewe vipi, mtu awe na wake wangapi, ngoma gani ichezwe. Kuna wakati ngoma za asili zilikatazwa makanisani. Leo kwaya zetu zinaimba Cigogo kwa zeze na ilimba, na Pasaka tunapiga muheme, ngoma ambayo kwa Wagogo hupigwa na akina mama, na hakuna anayeona Mungu amechukizwa. Kumbe tunaweza kukaa na mila yetu tukachagua cha kushika na cha kuacha. Ninaipenda mila hiyo iliyonilea, ya kumpokea mgeni kwa ugali wa uwele na mlenda hata mwaka wa njaa, ya kumlea mtoto wa ndugu bila kumhesabia vijiko. Mila ya namna hiyo haihitaji kumfukuza mjane ili iendelee kuishi.

Wasomaji wa Biblia wanakumbuka Matendo sura ya 6. Kanisa bado changa pale Yerusalemu, yakatokea manung'uniko kwamba wajane wa upande mmoja wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema hayo ni mambo ya kifamilia. Waliita mkutano wa wanafunzi wote, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema kushughulikia jambo hilo. Yaani huduma ile ilipangwa kwa sababu ya malalamiko ya wajane! Na zamani zaidi, binti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa na wakuu wote, wakadai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wamenena haki. Walisimama hadharani, mbele ya watu wote.

Ugumu wenyewe ninaujua. Wazee wa ukoo wengi ndio wazee wa kanisa. Anayeongoza kikao Jumanne anashika kapu la sadaka Jumapili, na huenda ndiye aliyetoa mabati ya nyumba ya mchungaji. Mwinjilisti anayetegemea ukarimu wa ukoo huo atasema nini? Bwana Yesu alisema wazi juu ya watu wanaosali sala ndefu huku wakizila nyumba za wajane. Mistari hiyo imo kwenye Biblia zetu zote, na ninaomba ihubiriwe msibani, ukoo wote ukiwa umekaa pale unasikiliza, kwa sababu Jumapili ya kawaida nusu yao hawapo.

Ninaomba pia mambo ambayo hayahitaji fedha. Mchungaji au mwinjilisti, pamoja na mama mmoja wa kanisa anayejua kusoma vizuri, waombe kuketi kwenye kikao cha ukoo kama mashahidi, mjane naye akiwa ameketi palepale. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla mtu yeyote hajasaini, na mjane apewe nakala. Mafunzo ya ndoa, ambayo sasa yanajaa mambo ya utii na usafi wa nyumba, yawe na siku ya kuzungumzia shamba limeandikwa jina la nani, kwa kuwa hati ya kimila inaweza kubeba majina ya mume na mke. Wanaume wahimizwe kuandika wosia. Najua wengi wanaona ni uchuro, kwamba ukiandika wosia unakiita kifo. Mkristo anayeimba kila wiki kuwa kifo kimeshindwa anaogopa nini kalamu?

Wapo wanaohofu kuwa kanisa likifanya hivi litagawanyika, familia kubwa zitahama. Huenda baadhi zitahama kweli. Lakini wajane wanahama kila mwaka na hatuwahesabu. Yule mama wa shamba la kichanga alirudi kwao upande wa Chamwino na watoto wawili wadogo. Kwenye orodha ya washirika ya mtaa wetu jina lake limekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa: amehama.