Kreni ya lori au telehandla? Acheni kubishania tani

Tuseme ukweli, zile klipu za kreni kubwa zinatupagawisha wote. Chukua Liebherr LTM 11200-9.1, dude la ekseli 9 lililotoka 2007, mkono wake wa teleskopu unafika mita 100 na uwezo ulioandikwa ni tani 1,200. Ila hizo tani 1,200 zinapatikana mzigo ukiwa mita 2.5 tu kutoka katikati ya kreni, yaani karibu imeukumbatia, na vyuma vyake vya kusawazisha vinafika tani 202 ambavyo lazima viletwe na malori mengine, kwa hiyo ukisikia "kreni imefika saiti" jua ni msafara mzima umefika na kabla ya kunyanyua chochote kuna kazi ya kulipanga lenyewe kwanza.

Sasa ubishi uliopo kila siku ni huu, kwa ujenzi wa kawaida uchukue lori lenye kreni au telehandla (ile mashine kama foklifti yenye mkono unaorefuka), na mi naona wengi wanatajiana tani wakati swali ni mzigo unaenda umbali gani.

Tuanze na lori, hili ambalo watu wanaliita Hiab hata kama kreni yake ni Palfinger au Fassi. Hiab ilianza Uswidi 1944, na wazo la mwanzilishi wake Eric Sundin lilikuwa kutumia injini ya lori lenyewe kuendesha haidroliki ya kunyanyulia. Wazo zuri sana mpaka leo, maana linabeba mzigo, linafika, linashusha lenyewe, linaondoka, hamna kusubiri mashine ya pili. Na zile za rimoti opareta anasimama pembeni kidude kimening'inia kifuani anaona paleti inatua wapi. Hasara yake watu wanaisahau, kreni yenyewe nayo ni mzigo. Ikiwa na tani 3 basi umetoa tani 3 za matofali kwenye kila safari, hata safari ambazo kreni haikuguswa.

Alafu uwezo wake unahesabiwa kwa tani-mita, yaani uzito wa mzigo mara umbali wake kutoka kwenye kreni. Kreni ya tani-mita 20, mzigo ukiwa mita 4 unatarajia kama tani 5, ukiusogeza mita 10 kwa hesabu ya karatasi zinabaki tani 2 na kiuhalisia ni pungufu ya hapo, kwa sababu mkono wenyewe una uzito na kadri unavyorefuka nao unavuta. Mtu anasoma namba kubwa ubavuni anadhani ndo atapata mpaka mwisho wa mkono, wapi!

Mimi kitu cha kwanza kuangalia kwenye hizo klipu ni miguu, ile inayotolewa pembeni kushika ardhi kreni isipinduke, sio mkono. Mguu mmoja ukibebeshwa tani 12 na kisahani chake kina sentimita 40 kwa 40, hiyo ni mita ya mraba 0.16, maana yake ardhi pale inakandamizwa tani 75 kwa kila mita ya mraba. Weka chini yake pedi ngumu ya mita 1 kwa 1, inashuka mpaka tani 12. Pedi tu! Na bado unakuta mashine ya bei mbaya imekanyagishwa vipande viwili vya mbao chakavu, tena pembeni ya mtaro uliofukiwa juzi. Nyaya za umeme ndo usiseme. Kanuni za OSHA, mamlaka ya usalama kazini kule Marekani, kwa nyaya za hadi kilovolti 50 zinataka angalau futi 10, kama mita 3 hivi, na sababu ni watu waliokufa, sio urasimu.

Telehandla sasa. JCB walitoa telehandla yao ya Loadall 1977 na kwenye modeli zao namba inakusomea kazi, 541-70 ni tani 4.1 na mita 7. Raha yake inachota, inatembea na mzigo kwenye tope, inaingiza paleti ghorofa ya pili kupitia dirishani, jioni unabadilisha uma unaweka bakuli inazoa kifusi. Magurudumu ya nyuma nayo yanakata kona, na ukitaka inatembea kimshazari kama kaa, kitu ambacho lori lililotoa miguu haliwezi hata kuota. Lakini kifaa chake cha kuzuia kuzidisha mzigo kwa kawaida kinapima kupinduka kwa mbele, ubavuni hakikusaidii, ukiinua mkono juu kwenye mteremko unajitegemea mwenyewe. Mkono nao unamziba dereva upande wa kulia, kwa hiyo mtu aliyesimama pale anaweza asionekane kabisa. Na ukifunga kiambata kingine, mfano ndoano ya kuning'inizia, chati ya mwanzo, ile inayoonyesha uzito unaoruhusiwa kwa kila umbali, haikuhusu tena, unasoma chati ya kile kiambata. Wangapi wanasoma?

Wanaosema mashine hizi zinakula kazi za vibarua wana hoja, ila mi sioni la kutetea kwenye kupandisha saruji mgongoni ghorofa tatu.

Kwa upande wangu, jengo la ghorofa mbili tatu linalochukua miezi, telehandla ikae saiti muda wote na kreni iitwe kwa siku ile ya vyuma vizito tu. Kazi ya kuleta na kushusha mara moja kwenye kiwanja kibana, lori lenye kreni linashinda bila ubishi. Yale madude ya mamia ya tani yabaki kwenye maboriti ya daraja na mitambo ya upepo.

Kuna wanaosema telehandla za kuzunguka, kama Roto za Merlo, zimemaliza ubishi, kwa sababu zinatoa miguu, sehemu ya juu inazunguka, zinafanya kazi za kote kote. Sawa, ila hapo unahitaji opareta anayejua foklifti na kreni kwa pamoja, na ikiharibika siku moja umepoteza mashine mbili.