ITER inachelewa kweli, ila tuangalie na upande wa pili

Siku hizi ukitaja ITER, ule mtambo wa fyusheni (kuunganisha viini vya atomi kupata nishati) unaojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa, watu wanacheka tu. Na sababu wanazo: Ulaya, Marekani, Urusi, China, India, Japani na Korea Kusini walisaini mkataba 2006, tukaambiwa utawaka 2016, ikaja 2025, halafu 2024 wakatoa ratiba nyingine, sasa utafiti ni 2034 na kuchoma deuteriamu na tritiamu, yaani aina mbili za haidrojeni ambazo ndo mafuta yake, ni 2039. Yuro bilioni 5 za mwanzo zimeshapita 20. Mlipa kodi wa Ulaya, ambaye anabeba karibu nusu, akinuna simlaumu.

Kinachosahaulika ni kwamba kule nchi hazichangi hela tu, zinachanga mtambo wenyewe. Chumba cha plazma, ile gesi ya moto kupindukia, kina vipande 9, kila kimoja tani 440 hivi, vinne Korea vitano Ulaya. Vya Korea vikakutwa kingo za kuchomelea haziko sawa, mabomba ya kupoozea ngao ya joto nayo yakawa na nyufa za kutu, na 2023 ikabidi kipande kilichoshashushwa shimoni kinyanyuliwe tena. Aibu, sawa, na wanaosema kampuni moja yenye bosi mmoja ingeenda haraka wana hoja.

Lakini cheki waya wa zile sumaku zinazoishikilia plazma, ule wa niobiamu na bati. Kabla ya ITER dunia nzima ilikuwa inazalisha kama tani 15 kwa mwaka, ikapanda mpaka tani 100, na viwanda ni vya washirika sita tofauti, sio kimoja. Mi hii ndo inanifanya niutetee huu mradi, maana ungenunua kila kitu kwa fundi mmoja ungepata mtambo mapema labda, ila ujuzi ungebaki kwake na wengine saa hizi wangekuwa wanapanga foleni ya kununua.

Siasa ni hatari, hilo siwezi kuficha, Marekani yenyewe ilishawahi kujitoa wakati wa maandalizi, kabla ya mkataba, ikarudi 2003. Ila Novemba 2022, vita ya Ukraine imepamba moto na vikwazo juu, sumaku ya Urusi yenye upana wa mita 9 ilipakiwa melini St Petersburg, Februari 2023 ikafika ITER kule Ufaransa.

Kampuni binafsi kama Commonwealth Fusion Systems kule Massachusetts, Marekani, wakiwasha SPARC, mtambo wao wa fyusheni, kabla ya 2034 nitafurahi sana tu, ila tokamaki, ule mtambo wa umbo la donati ambao ITER na SPARC zote wanautumia, ni ubunifu wa Wasovieti, na tabia za plazma wanazozipigia mahesabu zilipimwa miaka na miaka kwenye mashine za umma kama JET, ule mtambo wa Ulaya uliokuwa Uingereza.